Jeraha la Pili

Bata bukini wetu alikuwa amesimama wima, shingo imenyooka, na hilo ndilo lililotupotosha sote tuliokimbilia kona ile ya ua jua likitua.

Mbwa alikuwa amekwisha kupenya tena katika pengo la michongoma na kutoweka. Manyoya meupe yalitapakaa juu ya kabro, yale matofali ya saruji yaliyotandikwa uani, kuanzia kwenye tangi la maji hadi mlango wa jikoni. Shani, bata bukini jike ambaye mama yangu alimlea tangu akiwa kifaranga, alisimama nyuma ya dume lake, Komanda, ambaye alikuwa ametandaza mabawa na kutupulizia kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliokuja kuwashambulia. Damu haikuonekana ila doa dogo chini ya bawa la kushoto la Shani. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefika na rungu mkononi akidhani ni wezi, alimtazama kwa muda, kisha akamwambia mama kwa faraja ya kweli, "Mama, mshukuru Mungu. Huyu ni mzima."

Hakuwa mzima.

Ncha ya bawa la kushoto ilikuwa imeshuka kidogo kuliko ya kulia, tofauti ambayo asiyemfahamu ndege yule asingeiona, na mkia wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Wiki nyingi zimepita tangu jioni hiyo na bado naifikiria. Mbwa alifanya kazi ya dakika moja akaenda zake. Kinachonisumbua ni yale yaliyofuata: mikono mingi yenye nia njema iliyonyooshwa kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na tiba yake, na karibu kila tiba ikiwa na uwezo wa kumuua mgonjwa ambaye mbwa alishindwa kumuua.

Nyama au mgonjwa

Kila anayefuga bata bukini Nakuru anaujua ushauri wa kwanza atakaopewa ndege wake akiumia, kwa hiyo sitaurefusha. Mzee yule yule, alipoonyeshwa bawa, alibadili kauli bila ukali wowote: "Basi mchinjeni mapema, mama, kabla hajakonda." Simlaumu. Hapa Kiamunyi, kama katika mitaa mingine niijuayo hadi Kisumu, ndege wa nyumbani ni akiba ya Krismasi na ya wageni, na daktari wa mifugo huitwa kwa ajili ya ng'ombe. Gharama ya kumtibu ndege mmoja hupita bei yake sokoni, na hesabu hiyo haina kosa.

Lakini bata bukini anayetunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na Shani alikuwa hapa baba yangu alipokuwa hai. Jina lake alipewa na baba. Mama hakubishana na jirani, alinigeukia akauliza tu, "Daktari anafika saa ngapi?"

Basi akawa mgonjwa.

Kinachofunikwa na manyoya

Daktari tuliyempigia simu alikuwa upande wa Njoro, akimhudumia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na alituambia kwamba hangeweza kufika mara moja. Maagizo yake kwenye simu yalikuwa mafupi kiasi kwamba mama alidhani simu imekatika: mfunikeni kwa taulo, mtieni kwenye katoni kubwa yenye matundu, mahali penye joto, giza na kimya, na msimpe kitu chochote mdomoni.

Nimeyatafakari maagizo hayo mara nyingi tangu wakati huo, kwa sababu yanakwenda kinyume na kila kitu ambacho moyo wa binadamu unataka kufanya mbele ya kiumbe aliyeumia. Tunataka kumgusa, kumpa maji, kumwosha na kuita watu. Bata bukini aliyetoka kinywani mwa mbwa yumo katika mshtuko, moyo wake unakwenda mbio, na kila sura mpya inayomwinamia ni mwindaji mwingine. Ndege anayewindwa hawezi kumudu kuonekana dhaifu, kwa sababu adui humchagua yule anayebaki nyuma ya wenzake. Kwa hiyo husimama, hunyoosha shingo, hata huchomachoma nyasi kwa mdomo bila kumeza, mpaka nguvu zinapomwishia kabisa. Kusimama kwa Shani hakukuwa ushahidi wa uzima. Kulikuwa ni jitihada, na jitihada hiyo ilikuwa ikimgharimu.

Daktari alipofika, swali lake la kwanza halikumhusu ndege. Aliuliza kama mbwa yule anajulikana, kama amechanjwa, na kama amemuuma mtu yeyote. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mamalia, na hofu yake haikuwa juu ya Shani. Ilikuwa juu ya mikono yetu, kwani mate ya mbwa yalikuwa bado mabichi kwenye manyoya na kijana mmoja alikuwa na mikwaruzo ya michongoma. Alimtuma kijana huyo kuosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akamwagiza apite hospitalini asubuhi, kisha ndipo akafungua katoni.

Sisi sote tulikuwa tukimwonyesha bawa. Yeye alianzia shingoni.

Alilowesha manyoya kwa maji ya uvuguvugu na kuyatenganisha safu kwa safu, taa ikiwa imeshikwa karibu, akishuka kuelekea mgongoni. Alieleza kwamba meno ya mbwa huacha matundu madogo, lakini mbwa akishamkamata ndege humtikisa, na mtikiso huo huchana na kuponda nyama iliyo chini ya ngozi inayoonekana nzima. Manyoya yakirudi mahali pake hufunika kila kitu. Karibu na mkia alipata matundu mawili ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua, na ndiyo yaliyomtia wasiwasi kuliko bawa, kwa maana vinywa vya mbwa na paka huwa na bakteria, wakiwemo wale wanaoitwa Pasteurella, wanaoweza kupenya kwenye damu na kumwua ndege hata kama kidonda chenyewe ni kidogo. Alibonyeza ngozi polepole pembeni mwa matundu, akitafuta hewa iliyonaswa chini yake, ambayo ingekuwa dalili kwamba kimepasuka kifuko cha hewa, kimojawapo cha vile vifuko vyembamba mwilini vinavyomsaidia ndege kupumua. Hakuipata.

Hakuyashona matundu hayo. Kidonda cha kuumwa kikifungwa, alisema, uchafu hubaki ndani.

Mikono mingi

Nitakaa kidogo katika sehemu hii, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Kabla daktari hajafika, jirani mwenye moyo mwema alikuwa ameleta kijiko na maji yenye sukari. Mwingine alileta spiriti. Kijana mmoja alitaka kumshika miguu na kumning'iniza ili bawa lionekane vizuri, kama kuku wanavyobebwa sokoni. Mtu wa nne alikuwa na vidonge vya maumivu, diklofenaki, alivyobakiza alipoteguka mgongo, akashauri tukate robo. Leso ilikuwa tayari imekunjwa kwa ajili ya kumfunga kifua chote, bawa likiwa ndani. Watu hawa wote walikuwa wameacha chakula chao cha jioni mezani wakaja kutusaidia. Mama alisimama mlangoni mwa stoo na kukataa kila mmoja kwa upole, kwa sababu moja tu: daktari alikuwa amesema asiguswe.

Niliona ni vigumu kusimama pale. Nilijiuliza kama tulikuwa tunamnyima mgonjwa msaada kwa sababu ya sauti ya mtu ambaye hata hakuwa amemwona.

Baadaye nilimwomba daktari anieleze kila kimoja, naye akanieleza akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgonjwa akiwa mapajani mwake. Tundu la njia ya hewa la ndege liko wazi kwenye shina la ulimi, na maji yanayomiminwa kwa kijiko katika mdomo wa ndege aliyelegea huingia humo kwa urahisi, naye akafa kwa kusongwa na maji huku tukiamini kwamba amekufa kwa jeraha. Spiriti na hidrojeni peroksaidi huua vijidudu, lakini huunguza pia nyama changa inayojaribu kuziba kidonda. Maji ya chumvi yanatosha, gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yakifuatwa na iodini iliyozimuliwa mpaka rangi yake ifanane na chai ya rangi nyepesi. Na hata maji hayo yana mahali pasipofaa, kwa kuwa mfupa wa juu wa bawa, ule ulio karibu na bega, una uwazi unaoungana na vifuko vya hewa. Mfupa huo ukiwa umevunjika na kutokeza nje, mtu anayemimina maji kwa bidii kwenye kidonda cha bawa anaweza kuwa anayapeleka kwenye njia ya kupumulia.

Habari ya leso ilinishtua zaidi. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Huvuta hewa kwa kukisukuma kidari mbele na chini, na asipoweza kukisogeza hawezi kupumua. Ukimfunga kwa nguvu kifuani, au ukamkumbatia kwa mapenzi makubwa kama mtoto anavyomkumbatia, unamnyonga bila kugusa shingo yake.

Kuhusu miguu, bata bukini ana mwili mzito juu ya viungo ambavyo havikuumbwa kubeba mwili huo ukiwa umepinduliwa. Anashikwa kwa kukumbatiwa mabawa yake yakiwa yamekunjwa, uzito wake ukiegemea mkono ulio chini ya kidari bila kukibana, kichwa kikielekea nyuma ya anayembeba. Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, lakini mtu anaweza kusimama karibu na soko lolote asubuhi na kuona kuku wakipita vichwa chini, na mazoea hayo ndiyo mikono yetu inayorudia pale tunapokuwa na haraka.

Diklofenaki ina historia ambayo sikuitarajia katika mazungumzo ya stoo. Mwaka 2004 wanasayansi walieleza kwamba tumbusi waliokuwa wakifa kwa wingi nchini Pakistan walikufa kwa kuharibika figo baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa matumizi ya mifugo. Bata bukini si tumbusi, na kila jamii ya ndege ina mwili wake, lakini daktari alisema kwamba hiyo ni sababu tosha ya kutompa ndege robo ya kidonge cha mtu. Iko dawa ya maumivu inayotumiwa kwa ndege, meloksikamu, na kipimo chake hutokana na uzito. Ndiyo maana alimpima Shani kwanza kwa mizani yetu ya kuning'iniza, akiwa ndani ya gunia lililokatwa kona ili kichwa kitoke. Kipimo cha antibayotiki nacho kilitokana na namba hiyo hiyo, na tuliagizwa kuimaliza dozi hata akionekana amepona, na kutokula mayai yake mpaka muda alioutaja upite.

Kumbe jeraha lilikuwa na nafasi ya kuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mbwa. La pili lilikuwa limesimama uani likingoja zamu yake, limeshika kijiko, chupa, leso na vidonge.

Bawa

Bawa la ndege lina mifupa miwili katikati, kama mkono wetu ulivyo na miwili chini ya kiwiko. Shani alikuwa amevunjika mmoja, ule mnene, na huo mwembamba uliobaki mzima ukawa unamshikilia mwenzake. Hiyo ilikuwa bahati. Daktari alilikunja bawa kama linavyokaa ndege anapopumzika, akalizungushia bendeji laini ya kujishikilia yenyewe kwa umbo la namba 8, bila kuufunga mwili. Alituonya tusitumie plasta za nyumbani, ambazo huondoka na manyoya na ngozi.

Mifupa ya ndege huunga haraka, na katika wiki 3 hivi mara nyingi huwa imeshikamana. Nilidhani basi kazi yetu ni kuhesabu siku na kutogusa. Haikuwa hivyo, kwa sababu bawa lililofungwa muda mrefu hukakamaa viungo, na ule utando wa ngozi ulio mbele ya bawa hujikunja na kufupika, kisha ndege akabaki na mfupa uliopona katika bawa lisilofunguka. Kwa hiyo daktari alirudi kila baada ya siku kadhaa, akaifungua bendeji, akalinyoosha bawa taratibu mpaka pale lilipokataa, akalifunga tena. Mama alitamani kufanya zoezi hilo kila siku. Aliambiwa hapana.

Kazi tuliyoachiwa ilikuwa ya kutazama. Mchana wa Nakuru wakati wa ukame ni wa nzi, na nzi wa kijani hutaga kwenye kidonda au kwenye manyoya yaliyochafuka. Mayai yake, punje ndogo nyeupe zilizoshikamana, huanguliwa ndani ya siku moja na funza huanza kula. Tulifunika kibanda kwa chandarua na kukagua eneo la mkia asubuhi na jioni. Tulimpa maji katika beseni pana la kutosha kuzamisha mdomo na macho, kwa kuwa bata bukini huhitaji kuosha macho na pua zake, lakini kuoga kulikatazwa mpaka matundu yazibe.

Kumtenga

Mashaka yangu makubwa yalihusu jambo ambalo kila mtu alilichukulia kuwa limekwisha kuamuliwa: mgonjwa atengwe. Sababu zake ni nzuri. Wenzake wanaweza kumdonoa kwenye damu, anahitaji kupumzika, na kinyesi chake kinapaswa kuonekana kando na cha wengine. Tukamtenga katika stoo.

Hakula. Alisogea hadi kwenye ukuta ulio upande wa ua na kukaa hapo. Komanda alizunguka stoo usiku kucha akiita, sauti iliyowafikia majirani wote, na asubuhi alikuwa bado anaita. Nilimsikia mama akimwambia Shani kupitia mlangoni, "Vumilia, ni kwa faida yako," na nikajiuliza kama kweli ilikuwa kwa faida yake au kwa faida ya utaratibu wetu.

Konrad Lorenz, Mwaustria mtafiti wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, aliishi miaka mingi karibu na bata bukini wa kijivu, ambao ndio wahenga wa wengi wa hawa tunaowafuga, na aliandika kwamba anayempoteza mwenzake huonyesha dalili zinazofanana sana na huzuni ya mtu. Wapo wanaoona kwamba kusema hivyo ni kumvika ndege moyo wa binadamu. Mimi nilichokiona ni hiki: ndege aliyekuwa na njaa, mbele ya sukumawiki zilizokatwakatwa, hakula.

Nilipompigia daktari, hakushangaa. Alishauri tumtoe stoo na kumweka katika kibanda chenye ukuta wa waya upande mmoja, dume likae upande wa pili, waonane na wasikiane lakini asiweze kumpanda wala kumsukuma. Tulifanya hivyo jioni ile ile. Komanda alilala akiwa ameegemea waya. Shani alikula kabla giza halijaingia, na kwa maoni yangu ile ndiyo saa aliyoanza kupona, ingawa sina kipimo cha kulithibitisha.

Tangu wakati huo simwelewi mtu anayeniambia kwamba kutengwa ni tiba isiyo na madhara. Ina madhara, na mtu anapaswa kuyapima kama anavyoyapima ya dawa.

Kabro

Wakati bawa likiendelea vizuri, dume ndilo lililoanza kuinua mguu.

Jambo hili linastahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa, kwa sababu mbwa huonekana na kupigiwa kelele, ilhali sakafu haisemwi. Mtaa wetu umebadilika sana tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021. Viwanja vimejaa nyumba, na nyua zilizokuwa za nyasi zimetandikwa kabro ili tope lisiingie ndani. Kwa watu ni nafuu kubwa. Kwa ndege mwenye uzito wa kilo tano au zaidi, ambaye nyayo zake pana zenye utando ziliumbwa kwa ajili ya nyasi, tope na maji, ni uso mgumu, wenye joto mchana na changarawe juu yake, unaosugua mahali pale pale kila siku. Komanda, aliyekuwa akilinda waya kutwa nzima bila kuketi, alikuwa akisimama juu yake kuliko alivyozoea.

Chini ya wayo wa kulia tulikuta kigaga cheusi cha mviringo, na pembeni mwake ngozi ilikuwa imevimba na ina joto. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa wafugaji wa ndege wazito. Ngozi huchubuka au hukandamizwa mpaka inakosa damu ya kutosha, kisha bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, huingia na kujenga jipu. Unene huuzidisha, na vivyo hivyo upungufu wa vitamini A. Usaha wa ndege hauchuruziki kama wa mtu. Huganda na kuwa kitu kigumu cha rangi ya njano, kwa hiyo jipu halipasuki na kujimaliza. Lisipotibiwa husogea kati ya kano, na hatimaye hufika kwenye kiungo na mfupa.

Video za watu wakichimba kigaga hicho kwa wembe mezani jikoni ni nyingi, na binamu yangu alinitumia moja usiku huo huo akiwa amejitolea kuja kutusaidia. Nilimshukuru na kumwomba asije. Mkato huo hupita karibu na kano na mishipa ya damu katika wayo ambao una nyama kidogo sana, bila ganzi, na ndege akiwa ameshikwa kwa nguvu. Ni lile jeraha la pili tena, safari hii likiwa na maelezo hatua kwa hatua.

Daktari hakukata. Aliupima uvimbe, akasema bado ni mchanga, na akauliza ndege huyu anasimama wapi. Alipoonyeshwa, alisema, "Mama, mguu huu hauwezi kupona juu ya kitu kinachouumiza." Akaagiza uloweshwe kwa dakika 10 hadi 15 kila siku katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, ukaushwe vizuri, upakwe iodini na ufungwe kwa shashi yenye pedi laini ili uzito usikae juu ya kigaga. Mahindi yapunguzwe, mboga za majani ziongezwe. Na kabro iondoke.

Mama aliing'oa upande mzima wa nyuma. Fundi aliyeitwa kwa kazi hiyo aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, kwamba kabro nzima, isiyovunjika, inaondolewa kwa sababu ya mguu wa ndege. Tulipanda nyasi za kutambaa, na kibanda tukakijaza maranda makavu yanayogeuzwa na kubadilishwa kabla hayajalowa, kwa kuwa sakafu laini iliyoloa hulainisha ngozi na kufungua mlango ule ule. Kigaga kilianza kupungua polepole mno, kwa kiasi ambacho kilionekana tu tulipolinganisha picha za wiki moja na nyingine.

Naamini wengi wetu wenye ndege wanaochechemea mjini tungetafuta kwanza dawa ya agroveti, duka la dawa za mifugo, kabla ya kutazama chini.

Lini inatosha

Liko swali ambalo sikulimaliza, nalo ndilo lililoniweka macho usiku mwingi kuliko mengine. Je, kama lingekuwa bawa lililosagika, au mguu, tungeendelea mpaka wapi? Kuna matibabu ambayo ndege huyavumilia kwa ajili ya mwenye ndege, kwa kuwa mwenye ndege hawezi kukubali kumpoteza, na ni lazima mtu ajiulize kwa uaminifu ni nani anayehudumiwa.

Nilimuuliza daktari, naye alijibu kwa kutofautisha viungo. Bata bukini wa nyumbani anaishi kwa kutembea, kula nyasi na kuogelea. Anaweza kuishi vizuri bila ncha ya bawa, na hata bila sehemu kubwa yake. Mguu ni jambo jingine. Ndege mzito akikatwa mguu mmoja, ule uliobaki hubeba mwili wote, na ugonjwa wa wayo tuliouona kwa Komanda humjia kwa ukali zaidi mpaka hana pa kusimama. Kwa hiyo mguu uliosagika, au kiungo kilichofunguka na kuanza kunuka, kwake yeye ni sababu ya kuzungumza juu ya kumpumzisha kwa sindano, mapema, kabla ya wiki za mateso. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sindano hiyo inauma. Daktari akamwambia kwamba ndege hulazwa usingizi kwanza.

Tulikubaliana juu ya mambo matatu ya kutazama: kama anakula mwenyewe, kama anakwenda kwenye maji mwenyewe, na kama anajipanga manyoya. Bata bukini mwenye maumivu makali huacha kujipanga manyoya mapema, na ndege aliyechakaa manyoya kwa siku kadhaa anasema jambo ambalo kusimama kwake kunalificha. Mawili kati ya hayo yakikoma na dawa isiyarudishe, hatutaendelea kwa ajili ya nafsi zetu. Nilipinga mwanzoni. Nilitaka nafasi ya kuamua siku hiyo ikifika, lakini mama alisema kwamba siku hiyo ikifika hatutakuwa na akili ya kuamua, na nimekuja kuona kwamba alisema kweli.

Mfupa wa Shani umeunga. Bawa halifunguki lote, nalo linaning'inia kidogo kuliko la kulia, hasa akichoka. Daktari amesema kwamba hatari iliyobaki ni ncha hiyo kuburuzika ardhini na kujichubua kila siku, na likifikia hapo ni heri ikatwe kwa upasuaji kuliko kufungwafungwa bila mwisho. Mpaka sasa haijaanza kuburuzika. Ikianza, tutampeleka kwa daktari huko Njoro, na Komanda atasafiri naye katika katoni ya pili.